Kitabu cha Picha Kama Uwanja wa Mazungumzo: Usomaji Shirikishi na Ukuzaji wa Lugha ya Mtoto Katika Tana River

Utangulizi

Tunapoijadili fasihi ya watoto katika madarasa yetu ya Kiswahili, aghalabu tunaanza na matini: dhamira, wahusika, msamiati na ufaafu wake kwa umri wa msomaji. Uhakiki wa aina hiyo ni wa lazima. Hata hivyo, mtoto wa miaka mitatu au minne hasomi matini. Yeye huangalia picha, husikiliza sauti ya mtu aliyempakata na hujibu, iwapo atapewa nafasi ya kujibu. Kwa hivyo, kinachoikuza lugha yake si maneno yaliyochapwa pekee, bali ni mazungumzo yanayozuka juu ya ukurasa.

Makala hii inaeleza mbinu ya kuwasomea watoto wadogo vitabu vya picha kwa njia ya mazungumzo, mbinu ambayo hapa tutaiita usomaji shirikishi. Tutaitazama kwa kurejelea Kaunti ya Tana River, hasa Garsen na vijiji vya delta ya Mto Tana, ambako lugha za jamii ya Kibantu na za jamii ya Kikushi hukutana sokoni, malishoni na katika madarasa ya chekechea. Hoja yetu kuu ni kwamba usomaji shirikishi hauhitaji mlezi anayejua kusoma. Unahitaji mlezi anayejua kuzungumza na mtoto katika lugha yao. Iwapo hoja hii ina mashiko, basi mama au nyanya ambaye hakuwahi kuingia darasani si kizuizi cha elimu ya mtoto kama inavyodhaniwa mara nyingi. Yeye ni mwalimu wa kwanza ambaye hatujamkabidhi kitabu.

Maana ya Usomaji Shirikishi

Katika usomaji tuliouzoea, mtu mzima husoma na mtoto husikiliza. Katika usomaji shirikishi, majukumu hubadilika hatua kwa hatua. Mtoto ndiye anayekuwa msimulizi, na mtu mzima anakuwa msikilizaji anayeuliza, anayeongezea na anayesifu. Mnamo mwaka wa 1978, Anat Ninio na Jerome Bruner walionyesha kwamba mama na mtoto wanapotazama kitabu cha picha hufuata mzunguko unaojirudia: mama humwita mtoto aangalie, humuuliza kitu fulani ni nini, mtoto hujibu kwa neno au kwa ishara, kisha mama hulithibitisha jibu na kulitaja jina la kitu hicho. Mzunguko huo ndio msingi wa mbinu tunayoizungumzia.

Miaka kumi baadaye, yaani 1988, Grover Whitehurst na wenzake nchini Marekani waliuchukua msingi huo na kuufanya somo la wazazi. Waliwafunza wazazi wa watoto wa kati ya miezi 21 na 35 kuuliza maswali yasiyojibika kwa ndiyo au la, kuyapanua majibu ya mtoto na kumsifu. Kundi la pili la wazazi liliendelea kuwasomea watoto wake kama kawaida. Baada ya mwezi mmoja tu, watoto wa kundi la kwanza walikuwa wamewatangulia wenzao kwa miezi 8.5 katika jaribio moja la kujieleza na kwa miezi 6 katika jaribio jingine. Ikumbukwe kwamba makundi yote mawili yalisomewa vitabu. Tofauti ilitokana na namna ya kusoma.

Mbinu yenyewe hufupishwa kwa hatua nne. Kwanza, mlezi humchochea mtoto aseme jambo kuhusu picha. Pili, hulipima jibu lake, yaani hulipokea na kuonyesha kwamba amelielewa. Tatu, hulipanua jibu hilo kwa kuliongezea neno moja au mawili. Nne, humwalika mtoto alirudie jibu lililopanuliwa. Vichocheo navyo ni vya aina tano: kumwachia mtoto akamilishe sentensi, kumtaka akumbuke yaliyopita katika hadithi, swali huru linaloruhusu majibu mengi, swali la nani, nini, wapi na kwa nini, na swali linaloihusisha picha na maisha ya mtoto mwenyewe.

Ushahidi Kutoka Afrika

Msomaji ana haki ya kuuliza: je, matokeo yaliyopatikana katika nyumba za watu wa tabaka la kati nchini Marekani yanatuhusu nini sisi? Swali hilo lilianza kujibiwa mapema. Mwaka wa 1992, Marta Valdez-Menchaca na Whitehurst waliieleza mbinu hiyo ilivyotumiwa katika kituo cha kulelea watoto nchini Meksiko, na lugha ya watoto hao ikaimarika vilevile. Barani Afrika, Zahir Vally na wenzake walichapisha mwaka wa 2015 utafiti uliofanywa Khayelitsha, kitongoji cha watu wenye kipato cha chini karibu na Cape Town. Walezi wa watoto wachanga wa miezi 14 hadi 16 walifunzwa kutazama vitabu na watoto wao, na lugha ya watoto hao pamoja na uwezo wao wa kumakinika ulikua kuliko wa wenzao.

Utafiti unaotugusa kwa karibu zaidi ni ule wa Heather Knauer na wenzake, uliofanywa magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka wa 2020. Familia za mashambani zilipewa vitabu vya hadithi vinavyolingana na utamaduni na lugha yao, na baadhi ya walezi wakafunzwa namna ya kuzungumza na mtoto juu ya picha. Pale ambapo vitabu viliambatana na mafunzo, usomaji uliongezeka, ubora wa mazungumzo uliimarika, na watoto wakawa na uwezo mkubwa zaidi wa kuyatamka wenyewe maneno yaliyomo katika vitabu hivyo. Aidha, manufaa hayo yalikaribiana kati ya walezi waliojua kusoma na wale wasiojua. Matokeo haya yanaibomoa imani ya miaka mingi kwamba kitabu katika nyumba ya mtu asiyejua kusoma ni mali isiyo na kazi.

Kitendawili Kama Mtangulizi wa Usomaji Shirikishi

Shirley Brice Heath, katika kazi yake ya mwaka wa 1983 kuhusu jamii za Carolina nchini Marekani, alitahadharisha kwamba jamii hazilingani katika namna ya kuzungumza na watoto. Kuna jamii ambamo mtu mzima hamwulizi mtoto swali ambalo yeye mwenyewe tayari analijua jibu lake. Mtoto akiulizwa hivyo hushangaa au hunyamaza. Tahadhari hiyo ina uzito kwetu. Katika jamii zetu nyingi mtoto mwenye adabu husikiliza, na mtu mzima anayeuliza «huyu ni mnyama gani?» ilhali anamwona anaweza kuonekana anafanya mzaha.

Hata hivyo, fasihi simulizi yetu ina utanzu ambao kazi yake yote ni kuuliza swali ambalo mwulizaji analijua jibu lake, nao ni kitendawili. Mtegaji hutangulia kwa kuita, hadhira huitikia «tega», swali hutolewa, majibu hujaribiwa, na hadhira ikishindwa mtegaji huomba apewe mji kabla ya kulifichua jibu. Hapo pana mwito wa kuvuta makini, pana swali, pana muda wa kufikiri, pana jibu, na pana njia ya heshima ya kumwokoa aliyeshindwa. Mzunguko wa Ninio na Bruner haukosi kitu ambacho kitendawili hakina.

Ngano nazo vilevile. Fanani anayeanza kwa «paukwa» hawezi kuendelea mpaka asikie «pakawa». Hadhira yake huimba, huitikia na wakati mwingine humkosoa. Kwa maneno mengine, usimulizi wetu haukuwahi kuwa wa kinywa kimoja. Tunapomfundisha mlezi wa Garsen usomaji shirikishi, hatumletei desturi ngeni kutoka ng'ambo. Tunamwomba afanye na picha kile ambacho wazee wake walifanya bila picha. Hata kabla ya ngano kuna bembelezi. Wimbo wa taifa wa Kenya, uliotayarishwa mwaka wa 1963, ulipata lahani yake kutokana na wimbo ambao mama wa Kipokomo humbembelezea mtoto. Taifa zima, basi, linasimama wima kuiheshimu lahani iliyozaliwa katika mapaja ya mama wa Tana.

Kuna tofauti moja inayofaa kutajwa. Kitendawili huwa na jibu moja linalokubalika, ilhali picha ina mengi. Mlezi aliyezoea kutega anahitaji kukumbushwa kwamba maswali mengine ya kitabu hayana mji wa kupewa: kila jibu la mtoto ni sahihi mradi linaitazama picha.

Mfano wa Mazungumzo

Tuchukue ukurasa mmoja wa kubuni. Picha inaonyesha mtumbwi ukivuka mto, mama akiwa amebeba kikapu cha maembe, na mamba akiwa kwenye mchanga wa ukingo. Nyanya anamwuliza mjukuu wa miaka mitatu. Tunayaandika mazungumzo kwa Kiswahili kwa manufaa ya wasomaji wa jarida hili.

Nyanya: Mjukuu wangu, hapa kuna nini?
Mtoto: Tumbwi.
Nyanya: Naam, mtumbwi. Mtumbwi unavuka mto. Na huyu je, anafanya nini?
Mtoto: Mamba lala.
Nyanya: Ehe, mamba amelala. Amelala wapi?
Mtoto: Mchanga.
Nyanya: Amelala mchangani. Hebu sema nami: mamba amelala mchangani.
Mtoto: Mamba melala mchangani.
Nyanya: Vyema sana! Na sisi juzi tulipokwenda shambani, tuliona nini majini?
Mtoto: Kiboko! Kiboko kikubwa!
Nyanya: Kweli, tulimwona kiboko mkubwa. Ukimwona tena, utafanya nini?

Mazungumzo haya hayachukui hata dakika mbili, lakini mwanaisimu akiyachunguza ataona mengi. Katika «mamba lala» mtoto ameacha kiambishi cha nafsi na kiambishi cha wakati. Kamil Ud Deen, katika utafiti wake kuhusu watoto wa Nairobi uliochapishwa mwaka wa 2005, alieleza kwamba kuviacha viambishi hivyo ni hatua ya kawaida katika upataji wa Kiswahili. Nyanya hakusema «umekosea». Alimrudishia mtoto maana ileile ikiwa imevishwa umbo kamili, na aliporudia, mtoto alikuwa tayari amekipata kipande cha kiambishi: «melala».

Katika «kiboko kikubwa» mtoto ameongozwa na umbo la nomino. Ameliona «ki-» na akaifuata kanuni. Kosa hilo linaonyesha kwamba akili yake imeanza kuijenga sarufi ya ngeli. Jibu la nyanya, «tulimwona kiboko mkubwa», limempa mtoto upatanisho wa viumbe mara mbili katika sentensi moja, katika kitenzi na katika kivumishi. Hakuna zoezi la ubaoni linaloweza kuileta kanuni hiyo kwa wakati mwafaka kama huo, wakati ambapo mtoto mwenyewe ana hamu ya kukisimulia kiboko alichokiona, au tuseme kwa usahihi, kiboko aliyemwona.

Swali la mwisho la nyanya halihusu picha tena. Linamtaka mtoto aongee kuhusu jambo ambalo halipo mbele ya macho yake na ambalo bado halijatokea. Uwezo huo wa kutumia lugha kwa mambo yasiyoonekana ndio atakaouhitaji shuleni, kwa kuwa maandishi yote huzungumzia yasiyokuwepo.

Lugha Ipi Itumike?

Hapa ndipo Tana River inapotulazimisha kufikiri zaidi. Kipokomo, kinachozungumzwa na wakulima wa kingo za mto, ni lugha ya kundi la Sabaki pamoja na Kiswahili, lugha za Mijikenda, Kiilwana na Kikomoro, kama walivyofafanua Derek Nurse na Thomas Hinnebusch mwaka wa 1993. Mtoto wa Kipokomo akikutana na kitabu cha Kiswahili hukuta mfumo wa ngeli anaoufahamu na maneno mengi yanayofanana na ya nyumbani. Kiorma, kinachozungumzwa na wafugaji, ni lugha ya Kikushi iliyo na uhusiano wa karibu na Kiborana. Hakina mfumo wa ngeli kama wa lugha za Kibantu. Watoto hawa wawili wanaweza kuketi kwenye mkeka mmoja wa chekechea na kutazama ukurasa mmoja, lakini mzigo wa lugha walioubeba haulingani hata kidogo.

Sera haikosekani. Ripoti ya Gachathi ya mwaka wa 1976 ilipendekeza lugha ya eneo la shule itumike katika madarasa ya chini, na mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa mwaka wa 2017 uliufuata mwelekeo huo. Katiba ya mwaka wa 2010 iliikabidhi serikali ya kaunti jukumu la elimu ya chekechea. Aidha, katiba hiyohiyo inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na kuitaka dola iziendeleze lugha za kiasili. Ugumu uko katika utekelezaji, hasa mahali kama mji wa Garsen ambako Wapokomo, Waorma, Wawardei, Wagiriama na wengineo wanaishi pamoja na lugha ya eneo si moja.

Kitabu cha picha kinatoa njia ya kuukabili ugumu huo, kwa sababu picha haina lugha. Kitabu chenye maneno machache, au kisicho na maneno kabisa, kinaweza kuzungumziwa kwa Kiorma nyumbani jioni na kwa Kiswahili darasani asubuhi. Mtoto aliyekwisha kuieleza picha kwa lugha ya mama huja darasani akiwa na dhana. Kinachobaki ni kuipa dhana hiyo jina la pili. Sisi wapenzi wa Kiswahili hatuna sababu ya kuogopa utaratibu huu. Kiswahili kilichojengwa juu ya lugha ya mama iliyo imara husimama vyema kuliko kilichojengwa juu ya ukimya.

Picha Zipi?

Mtoto hawezi kuzungumzia asichokijua. Kitabu kinachoonyesha theluji na tufaha kitamfanya mtoto wa delta atamke jina moja na kunyamaza. Kitabu kinachoonyesha mtumbwi, mpunga, mwembe, kundi la ng'ombe wakinywa maji, au mbega mwekundu wa Mto Tana kitamfanya asimulie. Mbega huyo ni mmoja wa wanyama ambao kwa ajili yao Hifadhi ya Tana River Primate ilitengwa mwaka wa 1976.

Hata hivyo, picha ya mahali hapa si jambo jepesi. Mnamo mwaka wa 2012 na mwanzoni mwa 2013, mapigano yanayohusishwa na ardhi, maji na malisho yaliwaua zaidi ya watu mia moja katika delta. Picha ya ng'ombe aliyeingia shambani, ambayo kwingineko ingekuwa kichekesho, hapa inagusa kidonda. Mwalimu anayeuliza «unadhani nini kitatokea?» ajue kwamba watoto wake wanaweza kujibu kwa yale yaliyosemwa nyumbani. Hatupendekezi picha hiyo ifichwe. Tunapendekeza iandaliwe kwa uangalifu, ukurasa unaofuata ukiwaonyesha mwenye shamba na mwenye ng'ombe wakizungumza, na mwalimu awape watoto nafasi ya kuwasemea wote wawili. Mtoto wa mkulima akiambiwa aseme maneno ya mchungaji, na wa mchungaji aseme ya mkulima, wanajifunza lugha na wanajifunza zaidi ya lugha.

Mafuriko nayo yasisahauliwe. Mafuriko ya 1997 na 1998, ya 2018, na yale ya 2023 na 2024 yalizihamisha familia nyingi za bonde la Tana. Katika hali kama hizo kitabu ni kitu cha mwisho kuokolewa. Ndiyo maana vitabu vichache vilivyowekwa katika sanduku linalobebeka vinafaa kuliko rafu nzuri isiyohamishika. Kielelezo kipo katika bonde hilohilo la Tana: huko Garissa, Huduma ya Maktaba za Kitaifa ya Kenya ilianzisha mwaka wa 1996 maktaba inayobebwa na ngamia ili vitabu viwafuate wafugaji wanakohamia.

Changamoto na Mapendekezo

Changamoto ya kwanza ni mtazamo kuhusu kitabu. Katika nyumba nyingi za Tana River kitabu kinachojulikana zaidi ni kitabu kitakatifu, kiwe ni Kurani katika duksi au Biblia kanisani. Kitabu cha aina hiyo hupokewa kwa utulivu na hukaririwa kwa usahihi, na ndivyo inavyostahiki. Mlezi anahitaji kuelezwa waziwazi kwamba kitabu cha picha ni cha aina nyingine: mtoto anaruhusiwa kukishika, kukikatiza, kukicheka na kubishana nacho. Changamoto ya pili ni wingi wa watoto darasani. Mwalimu mwenye watoto hamsini hawezi kumsikiliza kila mmoja, na matokeo yake ni mwitikio wa pamoja ambao humficha aliyenyamaza. Inafaa kuwagawa katika makundi madogo, kundi moja likisomewa huku mengine yakicheza, hata kama kila kundi litafikiwa mara mbili tu kwa juma.

Kwa upande wetu, tunawapendekezea wanachama mambo matatu. Kwanza, wanafunzi wanaotoka Tana River wakusanye vitendawili na ngano za Kipokomo, Kiilwana, Kiorma na Kimunyoyaya, kisha wazitayarishe ziwe vitabu vya picha. Mradi wa African Storybook, uliozinduliwa mwaka wa 2014, unamruhusu yeyote kuandika, kutafsiri na kuchapa hadithi za picha bila malipo. Pili, wanaofanya tafiti za isimu warekodi, kwa ridhaa ya wazazi, mazungumzo ya walezi na watoto juu ya vitabu. Data ya upataji wa Kiswahili miongoni mwa watoto wenye lugha ya kwanza ya Kikushi itaufaa uwanja mzima. Tatu, wanaokwenda mazoezi ya ualimu watumie siku moja ya wazazi kuwaonyesha akina mama na nyanya mazungumzo kama tuliyoyatolea mfano, badala ya kuwahutubia kuhusu umuhimu wa elimu.

Hitimisho

Makala hii imeeleza kwamba thamani ya kitabu cha picha kwa mtoto mdogo imo katika mazungumzo kinayoyazaa, kwamba mazungumzo hayo yana mizizi katika kitendawili na ngano, na kwamba mlezi asiyejua kusoma anaweza kuyaendesha kwa lugha yake. Katika Tana River, ambako shule iko mbali, maji hupanda na lugha ni nyingi, haya si mambo ya kupamba mtaala. Mtoto anayefika darasa la kwanza akiwa amezoea kuulizwa na kusikilizwa hufika akijua kwamba ana la kusema. Asiyezoea hivyo huketi nyuma, na aghalabu ukimya wake huhesabiwa kuwa ni ujinga. Tofauti kati ya watoto hao wawili inaweza kuwa ni kitabu kimoja chenye kurasa kumi na sita, na mtu mzima mmoja aliyeambiwa kwamba anatosha.